Marie Curie: mama aliyepeleka mashini ya radio kwenye vita, na mionzi iliyomumaliza

Mwanzo wa mwezi wa Novemba 1914, motokari moja ilitoka Paris ikashika njia ya Creil, mji ulioko upande wa kaskazini, ambako majeruhi wa vita walikuwa wakishushwa kutoka kwenye mapigano. Ndani yake mulikuwa mashini ya kupiga foto za ndani ya mwili, dinamo iliyozungushwa na injini ya motokari yenyewe, meza ya kukunja na mapazia meusi ya kufunika madirisha. Pamoja na waganga alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka 46, akisindikizwa na binti yake wa miaka 17. Mwanamke huyo alikuwa amekwisha kupata zawadi ya Nobel mara mbili, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amelifikia. Jina lake Marie Curie.

Mwenye kujua barabara ya Sake kwenda Masisi wakati wa mvua, au ile ya Nyabiondo kwenda Walikale, anaelewa haraka shida aliyotaka kuitatua. Majeruhi anabebwa kwa tipoyi, anateremshwa mlima na kupandishwa mwingine, na akifika hospitali swali la kwanza la muganga ni moja tu: risasi iko wapi, na mfupa umevunjika namna gani? Ufaransa ya 1914 ilikuwa na mashini za radio katika hospitali za miji mikubwa. Karibu na mapigano zilikuwa chache sana. Huko waganga walitafuta risasi kwa vidole na kwa vyuma, wakiongeza kidonda juu ya kidonda, na miguu mingi ilikatwa ambayo ingeweza kubaki. Mama Marie aliona kwamba kama majeruhi hawezi kuifikia mashini, basi mashini imufuate majeruhi.

Hapa neno moja lifafanuliwe. Watu wengi wa Kivu wakisema mgonjwa amepigwa radio, hawasemi ile ya kusikiliza habari. Ni ile mashini inayotoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Mionzi hiyo inapita ndani ya nyama, inazuiliwa na mfupa na chuma, na kivuli chake kinabaki kwenye foto. Iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwezi wa Novemba 1895. Marie hakuigundua yeye, ingawa wengi hudhani hivyo. Kazi yake ilikuwa juu ya mionzi ya aina nyingine, ile inayotoka yenyewe ndani ya mawe, bila mashini wala umeme. Lakini hizo aina mbili zina ujamaa, na zote mbili zilipita katika mwili wake kwa miaka mingi.

Alizaliwa Maria Skłodowska, tarehe 7 Novemba 1867, katika mji wa Warsaw. Poland wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Warusi. Shuleni, lugha ya nyumbani ilikuwa imekatazwa, na watoto walifundishwa historia ya inchi yao kwa kificho, wakiangalia mlango asije inspekta. Baba yake alikuwa mwalimu wa fizikia na hesabu. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu Maria akiwa na miaka 10. Wasichana hawakukubaliwa katika iniversite ya Warsaw, basi yeye na dada yake Bronia walisoma katika shule ya siri iliyohamahama nyumba kwa nyumba. Kisha dada hao wawili wakapatana: Maria atafanya kazi ya kufundisha watoto wa matajiri ili amulipie Bronia masomo ya uganga Paris, na baadaye Bronia naye atamupokea. Ni mapatano ambayo jamaa nyingi za Kivu zinayajua, mmoja asome kwanza, mwingine angojee. Maria alingoja miaka mingi. Alifika Paris mwaka 1891, akiwa na miaka 23, akajiandikisha Sorbonne na kukaa katika chumba cha juu kabisa cha nyumba, baridi kali, chakula kidogo. Mwaka 1893 alishinda wote katika mtihani wa fizikia.

Aliolewa na Pierre Curie mwaka 1895, muda mfupi kabla Röntgen hajatoa habari yake. Mwaka uliofuata Henri Becquerel akaona kwamba mawe ya uranium yanatoa mionzi yake yenyewe. Marie akachukua swali hilo kuwa kazi yake. Aliona kwamba mawe fulani yanatoa mionzi mingi kuliko uranium iliyomo, maana yake ndani yake kuna kitu kingine ambacho hakuna anayekijua. Mwaka 1898 yeye na Pierre wakatangaza vitu viwili vipya: polonium, jina la inchi yake, na radium.

Kutangaza ni jambo moja, kukitoa hicho kitu na kukiweka mezani ni jambo lingine. Walipewa kibanda cha zamani chenye paa la vioo lililovuja. Wakaleta mawe kwa tani kutoka migodi ya Joachimsthal, ambayo leo iko katika inchi ya Cheki. Marie alichemsha, akakoroga kwa chuma kirefu kama yeye mwenyewe, akachuja, akaanza tena. Miaka karibu 4. Mwaka 1902 alikuwa na gramu moja ya kumi tu ya chumvi ya radium. Usiku walikuwa wanarudi kibandani kuangalia chupa zao zinavyong'aa gizani, wakifurahi kama watu wanaoangalia nyota. Hakuna aliyewaambia watoke pale. Hakuna aliyejua.

Au tuseme walianza kujua, lakini hawakuogopa. Becquerel alibeba kichupa cha radium katika mfuko wa koti, ngozi yake ikaungua. Pierre alijiwekea radium kwenye mkono kwa kusudi, akaandika siku kwa siku namna kidonda kilivyokua na kilivyopona. Ncha za vidole vya Marie zilikuwa ngumu, zimepasuka na zinauma. Kutokana na vidonda hivyo waganga walipata wazo: kama radium inaua nyama nzima, inaweza pia kuua uvimbe wa kansa. Matibabu ya kansa kwa mionzi yalianzia hapo. Curie na mume wake hawakuchukua haki yoyote ya biashara juu ya namna ya kutoa radium. Waliwaachia watu wote.

Nobel ya kwanza, ya fizikia, ilikuja mwaka 1903, pamoja na Pierre na Becquerel. Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre aliteleza njiani wakati wa mvua, gari la farasi likamukanyaga kichwa. Marie akabaki mjane mwenye watoto wawili wasichana, Irène na Ève. Alipewa darasa la mume wake, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1911 akapata Nobel ya pili, ya kemia, mwaka uleule ambao Akademi ya Sayansi ya Ufaransa ilikataa kumupokea na magazeti ya Paris yakachafua jina lake juu ya mambo ya nyumbani.

Vita vilipoanza 1914, alipeleka radium yake Bordeaux ndani ya kisanduku kizito cha plombi, ile metali inayotumiwa pia katika batiri za motokari. Plombi inazuia mionzi, na hilo alilijua vizuri: alifunika radium, siyo mwili wake. Kisha akageukia mashini za radio. Alikusanya feza na motokari kutoka kwa matajiri, na feza ya Nobel yake akaikopesha serikali. Alitaka hata medali zake za dhahabu ziyeyushwe, benki ikakataa. Alijifunza kuendesha motokari, kubadilisha gurudumu, kusafisha kabureta. Mpaka mwisho wa vita alikuwa ameweka motokari karibu 20, ambazo askari waliziita Curie ndogo, na vituo vya kudumu 200 katika hospitali. Inakadiriwa kwamba majeruhi zaidi ya milioni moja walipigwa radio kwa njia hiyo. Kuanzia 1916 alifundisha wanawake wapatao 150 kuendesha mashini, wengine wao hawakuwa na masomo mengi. Irène alibaki peke yake kwenye vituo karibu na mapigano, na huko akawaonyesha waganga wenye umri wa baba yake namna ya kuhesabu urefu wa risasi ndani ya nyama.

Kazi yenyewe ilifanyika namna mbili. Ya kwanza ni kupiga foto na kuitazama baadaye. Ya pili ilikuwa na hatari zaidi: majeruhi analazwa mezani, mashini inaachwa ikiwaka, muganga anaangalia kivuli kwenye kioo na kuingiza chuma chake mpaka kiguse risasi. Mikono yake iko ndani ya mionzi, uso uko karibu, na saa inapita. Marie alieleza kazi hizo katika kitabu chake juu ya radiolojia na vita, kilichotoka 1921. Kinga yenyewe ilikuwa haba: glavu, vipande vya plombi hapa na pale, na desturi ya kujificha kama nafasi iko. Majeruhi wakiwa wengi nafasi haikuwa.

Baada ya vita, labo yake mpya ilikuwa maskini. Alikuwa na gramu moja tu ya radium, na bei ya gramu ilikuwa dola 100,000. Wanawake wa Marekani walichanga feza hiyo, na Mei 1921 Rais Harding akamukabidhi gramu ya pili mjini Washington. Kumbe wakati huohuo jiwe tajiri kuliko yote duniani lilikuwa limekwisha kupatikana Kongo. Ni Shinkolobwe, Katanga, mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière ilisafirisha mawe hayo mpaka kiwanda cha Olen, Ubelgiji, ambako radium ya kwanza ilitoka 1922. Bei ikaanguka, viwanda vya Marekani vikafunga, na kwa miaka zaidi ya 10 hospitali nyingi za dunia zilitibu kansa kwa radium iliyotoka katika udongo wa Kongo. Watu wa Katanga walichimba na kuchagua mawe hayo kwa mikono. Watu wa Rubaya na Bisie, wanaojua kazi ya kuchagua koltani na kasiterite, wanaweza kufikiri wenyewe mikono hiyo ilikuwa namna gani. Vidole vya Marie Curie vimeandikwa katika vitabu vingi. Vile vya Shinkolobwe havijaandikwa.

Kutoka mwaka 1920 hivi, Marie alianza kutoona vizuri. Ni mtoto wa jicho, ile hali ya kioo cha ndani ya jicho kuwa cheupe kama maziwa. Alificha. Aliandika maneno ya masomo yake kwa herufi kubwa sana, akaweka alama za rangi kwenye mashini, binti zake wakamushika mkono njiani kama kwa bahati. Kuanzia 1923 alipasuliwa macho mara 4. Masikio nayo yalikuwa yanalia. Alishuku mionzi lakini hakupenda kulisema waziwazi.

Hapo ndipo maisha yake yanapogongana yenyewe. Wafanyakazi wa labo aliwapimisha damu mara kwa mara, akawaagiza washike radium kwa koleo wakiwa nyuma ya ukuta wa plombi, na aliyeonekana dhaifu alitumwa shambani apumue hewa safi. Yeye mwenyewe alivunja sheria hizo kila siku, kama fundi anayewakataza wanafunzi kupanda ngazi iliyooza na kuipanda yeye. Habari mbaya zilikuwa zinafika: mwaka 1925 wahandisi wawili Wafaransa waliotayarisha dawa za mionzi walikufa kwa kufuatana siku chache, na huko Marekani wasichana waliopaka rangi ya radium kwenye saa, wakilamba brashi ili ichongoke, walianza kuoza mataya. Mwaka 1928, mjini Stockholm, waganga na wataalamu waliunda halmashauri ya kimataifa ya kujikinga na mionzi, ambayo ipo mpaka leo.

Marie Curie alikufa tarehe 4 Julai 1934, miaka 66, katika hospitali ya Sancellemoz kwenye milima ya Savoie. Damu yake ilikuwa imeacha kujitengeneza. Miezi michache mbele alikuwa ameshuhudia Irène na mume wake Frédéric Joliot wakivumbua namna ya kutengeneza vitu vyenye mionzi kwa mkono wa mtu, kazi iliyowapa Nobel ya 1935. Irène naye alikufa kwa kansa ya damu mwaka 1956. Katika hospitali ya St. Georg, mjini Hamburg, liko jiwe lililosimamishwa 1936 lenye majina ya waganga na wafanyakazi waliouawa na mionzi, zaidi ya 150 siku ile, na mengine yakaongezwa baadaye.

Aprili 1995 Ufaransa ilihamisha mwili wake kwenda Panthéon, ambako mashujaa wa inchi huzikwa. Kabla ya kufungua kaburi wataalamu wa mionzi waliitwa. Walikuta sanduku lenye plombi ndani, na radium iliyokuwa mwilini ilikuwa kidogo kuliko walivyodhani. Wakaamua kwamba radium peke yake haielezi kifo chake. Ugonjwa wake, walisema, huenda ulitokana zaidi na mashini za radio za ile miaka ya vita.

Fikra hiyo inagusa kazi moja ambayo Marie hakuiona. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, muganga kijana Mjerumani, Werner Forssmann, alijiingizia mpira mwembamba katika mshipa wa mkono, akausukuma mpaka ndani ya moyo, kisha akatembea mpaka chumba cha radio ili apigwe foto ya kuthibitisha. Alipata Nobel mwaka 1956. Leo kazi hiyo, ya kupitisha kateta mpaka moyoni ili kuzibua mshipa au kupanua mlango wa moyo uliokaza, inafanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala, na Nairobi pia.

Ukiangalia chumba hicho unaona meza ya 1916. Mgonjwa amelala, mashini inawaka, muganga amesimama karibu anafanya kazi akiangalia kivuli. Mionzi inayomupata muganga haitoki moja kwa moja kwenye mashini. Inagonga mwili wa mgonjwa na kurukaruka pande zote, kama mvua inavyoruka kwenye bati. Kwa hiyo bomba la mionzi huwekwa chini ya meza, kwa sababu mionzi inayorudi ni mingi upande inakoingia, na ni afadhali ipate miguu iliyofunikwa kuliko uso. Sahani ya kupokea foto inasogezwa karibu kabisa na mgonjwa. Dirisha la mionzi linafinywa libaki sehemu inayotafutwa tu. Mashini haiachwi ikiwaka mfululizo, inatoa mionzi kwa vipande, foto chache kila sekunde, na mguu unatoka kwenye pedali mara muganga anapoacha kutazama. Anfirmie asiye na kazi karibu anarudi nyuma, maana ukiongeza umbali mara mbili mionzi inabaki robo. Wote wanavaa tabliye yenye kinga sawa na nusu milimita ya plombi, inayozuia sehemu kubwa sana ya mionzi hiyo lakini inauma mgongo jioni, na kola ya kukinga koo. Kioo cha plombi kinaning'inia kati ya uso na mgonjwa.

Macho ndiyo yaliyochukua muda mrefu kukumbukwa. Uchunguzi katika inchi mbalimbali ulionyesha kwamba waganga wa moyo wanapata alama za mtoto wa jicho kuliko watu wengine, tena mara nyingi jicho la kushoto, lililo karibu na mashini. Mwaka 2011 halmashauri ileile ya Stockholm ilishusha kiasi kinachoruhusiwa kufika kwenye jicho la mfanyakazi, kutoka milisiveti 150 kwa mwaka mpaka 20. Miaka 88 ilikuwa imepita tangu Marie apasuliwe jicho la kwanza.

Katika chumba kidogo cha radio cha hospitali ya teritwari mambo ni mepesi zaidi. Foto moja ya kifua au ya mguu ina mionzi kidogo sana, na majeruhi asiiogope. Mama mwenye mimba aseme mapema, kabla ya kulala mezani. Anayeshika mtoto ili asitingishike ana haki ya kupewa tabliye, na wengine wote watoke nje. Anayeendesha mashini kila siku ndiye mwenye hesabu ndefu, foto juu ya foto, mwaka juu ya mwaka. Ndiyo maana mfanyakazi wa radio anatakiwa kuvaa kifuani kidude kidogo kinachokusanya alama ya mionzi iliyomupata, kikasomwa kila baada ya muda na hesabu ikaandikwa kwa jina lake.

Kidude hicho hakikuwa katika motokari ya Creil. Miaka 4 yote ya vita, mionzi iliyoingia mwilini mwa Marie na kwa wale wanawake 150 haikuandikwa popote.